Maswali ya Wasomaji: Pedi za kufua, kikombe cha hedhi na kamba ya kuanikia

Barua nyingi zilizotufikia zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mwanamke atumie nini siku zake zinapofika ili asiwe mtu wa kununua na kutupa kila mwezi, na akishakipata kitu hicho akitunze vipi kisimdhuru. Nimechagua sita kati ya barua hizo. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji asiutafute katikati ya mistari: kitambaa cha hedhi hakina kosa lolote kikifuliwa na kukauka juani, na madhara mengi tunayokisingizia hutokana na kukificha kikiwa kibichi.

Shikamoo Bi Mshauri. Nina mabinti wawili, na wote wameshavunja ungo. Kila mwezi tunanunua pakiti sita za pedi kwa watu watatu, na dukani kwetu pakiti moja yenye pedi nane ni shilingi 2,500. Jirani ananishauri ninunue za kufua, lakini mama yangu mzazi anakataa katakata, anasema vitambaa ndivyo vilivyokuwa vikiwaletea wao muwasho na fangasi. Nimsikilize nani? — Mama wa mabinti, Morogoro

Marahaba, mama. Wote wawili wanasema kweli, na tuanze na mama yako kwa kuwa neno lake ni zito zaidi. Utafiti uliofanywa hospitalini katika jimbo la Odisha, India, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wanawake waliotumia vitambaa vya kurudia walipatikana zaidi na fangasi aina ya Candida kuliko waliotumia pedi za kutupa. Lakini watafiti hao hawakuishia hapo: waliangalia pia vitambaa vinaanikwa wapi na kuhifadhiwa wapi, wakaona kwamba kuvikausha ndani ya nyumba na kuviweka chooni kunahusiana na maambukizi hayo. Sasa muulize mama yako, kwa adabu na kwa faragha, walikuwa wakivianika wapi vile vipande vya kanga kuukuu. Nina hakika atakutajia chini ya godoro, nyuma ya mlango, au chini ya nguo nyingine kwenye kamba ili wanaume wasivione. Kitambaa kilichokaa na unyevu gizani huota fangasi hata kama kilifuliwa kwa sabuni ya mche nzima.

Jirani yako naye ana hoja ya fedha. Pakiti sita kwa shilingi 2,500 ni shilingi 15,000 kwa mwezi, yaani shilingi 180,000 kwa mwaka, na mwaka ukiisha huna kilichobaki mkononi isipokuwa taka. Pedi za kufua zilizoshonwa vizuri watengenezaji wengi huzihesabia mwaka mmoja au zaidi wa matumizi. Kwa hiyo chukua bei ya seti tatu utakazoelekezwa, iweke kando ya hiyo 180,000, na hesabu itajisemea yenyewe. Wala usiweke matumaini makubwa kwamba pedi za dukani zitashuka bei. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka uliofuata kwa maelezo kwamba nafuu haikumfikia mnunuzi. Jambo hilo liliniumiza, kwa sababu aliyeshindwa kushusha bei hakuwa msichana, na aliyerudishiwa mzigo alikuwa yeye.

Ukiamua kununua, igeuze pedi uitazame kabla ya kutoa fedha. Upande unaogusa mwili uwe wa pamba au flaneli laini, katikati mwe na tabaka za kitambaa cha kunyonya kama cha taulo, na chini kuwe na kitambaa kisichopitisha maji ambacho bado kinapitisha hewa kidogo. Mabawa yafunge vizuri chini ya chupi kwa vifungo vya kubana, kwa maana pedi inayotembea huchubua mapaja. Kama binti yako mmoja anajua cherehani, mnaweza kuzishona wenyewe: urefu wa sentimita 25 hivi kwa mchana na zaidi ya 30 kwa usiku, upana wa sentimita 7 au 8 katikati, na tabaka za kunyonya zikiwa chache kiasi cha kukauka upesi. Fundi mwenye tamaa ya kuweka tabaka nyingi huishia na pedi inayochukua siku mbili kukauka wakati wa masika. Mfuko wa plastiki usitiwe ndani badala ya kitambaa cha kuzuia maji, kwani huhifadhi joto na jasho na kuleta upele. Ni afadhali kutoweka kitu na kubadilisha mapema. Kila mmoja wenu awe na pedi zisizopungua sita, na nane ni bora zaidi, ili nyingine ziwe mwilini, nyingine kwenye beseni na nyingine kambani.

Ufuaji wake ni rahisi, ila una utaratibu usiovunjwa. Suuza kwanza kwa maji ya baridi mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu maji ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi na kuacha doa lisilotoka. Baada ya hapo fua kwa sabuni ya kipande, suuza tena hadi povu liishe, kwa kuwa sabuni iliyobaki huwasha kama fangasi na wengi hudhani wameugua. Jiki huziozesha nyuzi, na dawa za kulainisha nguo huzipaka mafuta yanayozuia kunyonya, basi vyote viwili viacheni. Pedi ianikwe juani, kwenye upepo, ikauke kabisa hadi kwenye mishono, kisha ikunjwe na kuwekwa kabatini pamoja na nguo nyingine safi. Siku za mvua mnaweza kuimalizia kwa pasi upande wa pamba tu, maana upande wa kuzuia maji huyeyuka.

Iliyo mwilini ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, au mapema zaidi damu ikiwa nyingi. Mama yako akiiona pedi ya mjukuu wake ikipepea juani pamoja na mashuka, huenda akashangaa kwanza, lakini ataelewa tofauti iko wapi.

Salamu kwako. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Tuligawiwa visodo vya kufua, vinne kila mmoja, lakini bwenini tuna kamba moja tu mbele ya ofisi ya mwalimu, na wavulana hupita hapo. Wenzangu wengi wamevitia kwenye sanduku na hawavitumii. Mimi huvikausha chini ya shuka usiku. Je, ni vibaya? — Mwanafunzi, Siaya, Kenya

Mwanangu, ni vibaya, na kosa si lako. Joto la mwili wako chini ya shuka haliwezi kukausha tabaka za ndani, na asubuhi utavaa kitu ambacho juu kimekauka na ndani kina unyevu. Kwa leo fanya hivi: kiweke kisodo kambani, ukitandaze juu yake kitambaa chepesi sana, leso nyembamba au kipande cha doria, kilichobanwa kwa vibanio pande mbili ili hewa ipite kati. Hutapata ukali wote wa jua, lakini utapata mwanga na upepo, na hakuna mpita njia atakayejua kilichopo. Geuza upande mchana ukiweza. Kilichotumika darasani kikunje ndani kwa ndani, ukitie kwenye kifuko kisichopitisha maji, na jioni ukisuuze mara moja. Usikiache humo hadi kesho yake.

Hata hivyo, leso juu ya kamba ni suluhisho la wiki mbili tu, na kubwa zaidi lazima lifanywe na walimu wako. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali impe kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma visodo bila malipo, vya kutosha na vyenye ubora, pamoja na njia salama ya kuvitupa isiyoharibu mazingira. Ni sheria njema, nayo Kenya ilikuwa imetangulia kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye bidhaa hizi tangu mwaka 2004. Lakini sheria hiyo inazungumzia utupaji, na kisodo cha kufua hakitupwi. Kinahitaji bomba lililo karibu na choo, ndoo yenye mfuniko, sabuni, na kamba nyuma ya bweni mahali ambapo jua linafika na wavulana hawafiki. Anayegawa visodo vinne bila kuuliza kamba iko wapi amefanya nusu ya kazi, na hiyo nusu nyingine ameiacha kwa mtoto wa miaka kumi na sita. Vinne vyenyewe ni vichache mno kwa siku nne au tano za hedhi.

Nendeni wawili au watatu kwa mwalimu mlezi wa wasichana, si wewe peke yako, na msiombe msaada wa jumla. Ombeni vitu viwili kwa majina yake: kamba nyuma ya bweni na ndoo yenye mfuniko. Ombi dogo linalotajika hukataliwa kwa shida. Mwalimu akitaka ushahidi wa maandishi, mwonyeshe ukurasa huu.

Asalaam alaykum Bi Mshauri. Mimi nalima mwani Jambiani. Bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa sana, ikinikuta hedhini nashindwa la kufanya, maana tunakaa majini saa nyingi, maji kiunoni, na pedi inavimba kama mkate uliotiwa kwenye chai. Wengine siku hizo hawashuki pwani na wanapoteza mavuno. Nimesikia kuna kikombe cha kuvaa ndani. Kinafaa kwa kazi yetu? — Mkulima wa mwani, Unguja

Waalaykum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma kwa uchungu kidogo. Mwani wa biashara unalimwa Paje na Jambiani tangu mwaka 1989, wakulima wake wengi ni wanawake, na siku hizi wengine wanaufuata mwani wa aina iitwayo cottonii kwenye maji ya kina kwa kuwa maji ya pwani yamezidi joto, lakini sijaona mafunzo mengi ya kilimo hicho yanayotaja hedhi hata kwa sentensi moja.

Pedi ya kutupa inavimba kwa sababu ndani yake mna polima, chembechembe zilizotengenezwa kunyonya majimaji, nazo hazichagui kati ya damu na bahari. Pedi ya kufua nayo italowa. Kikombe cha hedhi hakinyonyi kitu: ni kikombe kidogo laini cha silikoni ya kitabibu kinachokaa ukeni, kikashika ukuta wake pande zote na kupokea damu, wakati maji ya nje hayana njia ya kuingia. Si kitu kipya, kwani Mmarekani Leona Chalmers alikisajilia hataza mwaka 1937. Kina uwezo wa kushika kati ya mililita 20 na 30, kinaweza kukaa hadi saa 12, na kikitunzwa hudumu hadi miaka kumi. Kwa kazi yako maana yake ni kwamba unakivaa nyumbani kabla maji hayajatoka, unafunga na kuvuna mwani wako, na unakimwaga ukisharudi na kuoga, bila kukigusa kabisa ukiwa pwani.

Usikiguse pwani hata kama unahisi kimejaa, kwa sababu mikono ya mkulima wa mwani ina chumvi, mchanga na michubuko ya kamba. Mikono inaoshwa kwa maji baridi ya bomba au kisima na sabuni, kucha zikiwa fupi. Kikunje kikombe kwa umbo la herufi U, chuchumaa, kiingize kikielekea nyuma upande wa uti wa mgongo wala si juu moja kwa moja, kisha kiache kifunguke. Pitisha kidole kukizunguka. Ukigusa mkunjo, kizungushe kidogo hadi ukae sawa. Kukitoa, usikivute kwa mkia wake. Bana kitako chake kwanza ili hewa iingie na mshiko uachie, ndipo ukishushe taratibu. Mwezi ukiisha kichemshe kwa dakika tatu hadi tano katika sufuria ndogo usiyopikia, kikielea kwenye maji mengi ili kisiguse chuma cha moto, na kihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa.

Usijaribu mara ya kwanza siku ya bamvua. Jaribu siku ya mapumziko, ukiwa nyumbani na pedi ya kufua kwa tahadhari. Mapitio makubwa ya tafiti za kikombe, yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Public Health na kujumuisha tafiti 43, yalionyesha kwamba wanawake wengi walihitaji mizunguko kadhaa ya kuzoea, na kwamba baada ya kuzoea, takriban saba katika kila kumi walitaka kuendelea nacho. Mapitio hayo yalikuta pia visa vichache mno, vitano, vya ule ugonjwa wa sumu ya bakteria uliowapata wanawake wengi Marekani mwaka 1980 kutokana na tamponi, yaani pamba za kuingiza ukeni, zenye nguvu kubwa ya kunyonya. Ni adimu, lakini ukipatwa na homa kali ya ghafla, upele mwekundu, kutapika au kizunguzungu ukiwa umekivaa, kitoe na uende hospitali siku hiyo hiyo. Ghusl yako, lile josho la twahara, baada ya hedhi kukatika inabaki vilevile.

Mwanangu mshauri, mjukuu wangu ana miaka kumi na saba, bado mwali, na anataka kununua hicho kikombe. Mimi nachelea ubikira wake. Usinifiche. — Bibi, Mombasa

Shikamoo bibi. Sitakuficha. Kizinda si kifuniko kilichoziba njia. Kingekuwa hivyo, damu ya hedhi isingepata pa kutokea. Ni utando laini ulio pembeni mwa mlango wa uke, wenye uwazi wake, unaotofautiana kutoka msichana mmoja hadi mwingine, na kwa baadhi yao hutanuka au kuchanika kidogo kwa michezo au kwa kuingiza kitu kama kikombe. Hilo linaweza kutokea. Lakini ubikira, kwa akili na kwa heshima ya mtoto, ni kutolala na mwanamume, na hakuna daktari anayeweza kuutazama utando huo akatoa hukumu ya uhakika.

Wasichana wa shule huko Siaya walipewa vikombe katika utafiti na wakavitumia, basi umri wa mjukuu wako si kizuizi cha kitabibu. Ila kama moyo wako na wake hautatulia, zipo chupi za hedhi zenye tabaka za kunyonya zilizoshonewa humo humo, na zipo pedi za kufua, navyo havitupwi. Nakuomba jambo moja tu: mazungumzo hayo yafanyeni wewe na yeye, kama kungwi na mwali wake, asije akaenda kuuliza mitaani.

Mhariri, mimi ni mwenye nyumba Mbagala. Nina wapangaji sita na choo kimoja cha shimo. Gari la kunyonya maji taka limekuja mara mbili mwaka huu, na wafanyakazi wanasema bomba linaziba kwa pedi. Niwakataze kina dada vipi bila kuwaaibisha?

Ndugu, nashukuru kwamba umeuliza badala ya kubandika tangazo mlangoni. Pedi ya kutupa ina plastiki juu, plastiki chini na gundi, na katikati mna zile polima nilizozitaja. Shimoni haiozi, huvimba na kujikusanya, na ndiyo inayoziba bomba la gari. Mwanamke huitumbukiza humo kwa sababu hana mahali pengine pa kuiweka usiku wa manane bila jirani kuiona. Basi mpe mahali hapo: ndoo yenye mfuniko ndani ya choo, karatasi za magazeti za kufungia, na makubaliano ya nani anaitoa siku ya gari la taka. Kuzichoma uani kwenye moto wa majani sikushauri, kwa kuwa plastiki hiyo hutoa moshi wenye sumu unaovutwa na watoto wa nyumba nzima.

Ukitaka shimo lako lipumzike zaidi, vuta kamba ya pili uani, mahali penye jua, na uwaambie wapangaji wote kwa pamoja kwamba kila mtu aanike anachotaka na hakuna atakayesemwa. Wanaotaka kutumia za kufua wataanza wenyewe. Kamba ni rahisi kuliko safari moja ya lile gari.

Nimewekewa kitanzi cha kuzuia mimba miezi minne iliyopita na tangu hapo hedhi yangu imekuwa nyingi, yenye mabonge. Pedi za kufua zinanivujia. Nihamie kwenye kikombe? — Msomaji, Arusha

Usihame kwanza. Kitanzi cha shaba mara nyingi huongeza damu katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, lakini mabonge na kuvuja vinataka kuangaliwa kabla hatujabadilisha vifaa. Kwa kawaida mwanamke hupoteza kama mililita 30 hadi 40 kwa hedhi nzima, na ikizidi 80 huhesabiwa kuwa nyingi. Dalili za nyumbani ni kujaza pedi ndani ya saa moja au mbili, kuamka usiku kubadilisha, na kuchoka au kusikia kizunguzungu ukipanda ngazi. Andika kwa mwezi mmoja idadi ya pedi ulizojaza kila siku na ukubwa wa mabonge, uende na karatasi hiyo kliniki, ukapimwe wingi wa damu na wakitazame kitanzi kama bado kipo mahali pake.

Kuhusu kikombe, ukikivuta kwa nguvu kinaweza kukishusha kitanzi, hasa kama nyuzi zake ni ndefu. Wapo wanaotumia vyote viwili, lakini baada ya kumwambia mhudumu, kukatiwa nyuzi fupi, na kujizoeza kuachia mshiko kabla ya kukitoa. Kwa sasa vaa pedi ya usiku hata mchana, au chupi ya hedhi juu ya pedi ya kawaida, na ubadilishe mara kwa mara. Kama damu itakuwa ya kujaza pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, usisubiri tarehe ya miadi wala mwezi wa kuandika. Nenda siku hiyo.